Kanali Roosevelt na Faru wa West Nile

Askari wetu wa leo asikiapo neno kifaru, mara nyingi huwaza gari la chuma lenye minyororo na mzinga. Wachache hukumbuka kwamba gari hilo lilikopa jina kwa mnyama mwenye ngozi nene na pembe mbili juu ya pua. Walio wachache zaidi hujua kwamba mnyama huyo alikuwa mwenyeji wa ardhi hii ya West Nile, baina ya Mto Nile na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Mtu asafiriye leo kutoka Arua kwenda Koboko huona mashamba ya mihogo na tumbaku, huona masoko na shule. Lakini hata akikesha mwezi mzima porini hatauona unyayo wa yule faru wa asili. Mifupa na ngozi za baadhi yao zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington, nchini Marekani.

Leo tunawaletea wasomaji wetu, askari jeshi na askari polisi, maisha ya mtu aliyezipeleka huko. Aliwahi kuwa mkuu wa polisi, kisha kanali wa jeshi, kisha Rais wa nchi yake. Naye ni Theodore Roosevelt.

Roosevelt alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya watu wenye mali. Mali hiyo haikumpa afya. Alisumbuliwa na pumu tangu utotoni, na usiku mwingi aliketi kitandani akitafuta pumzi. Hakuweza kushindana na wenzake katika michezo, basi akageukia kutazama viumbe. Siku moja, akiwa bado mtoto mdogo, alimwona sili aliyeuawa akiwa amelazwa sokoni. Alirudi mara nyingi kumpima, na mwishowe akapata kichwa cha mnyama huyo. Kwa fuvu hilo alianzisha makumbusho yake mwenyewe nyumbani. Baba yake naye alikuwa miongoni mwa waasisi wa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1869. Hivyo kijana huyu alikua kati ya mifupa na vitabu.

Yafaa tueleze hapa hali ya elimu ya viumbe katika karne ile, maana pasipo hayo msomaji hataelewa kwa nini mtu alivuka bahari kutafuta mifupa ya faru. Watu wengi wa zamani waliamini kwamba hakuna aina ya mnyama iwezayo kwisha kabisa duniani. Mwaka 1796, mjini Paris, mtaalamu Georges Cuvier alilinganisha mifupa ya tembo wa Afrika, tembo wa India, na mnyama aitwaye mamothi aliyefukuliwa katika nchi za baridi. Akathibitisha kwamba mamothi hakuwa tembo yeyote aliye hai: alikuwa aina yake mbali, nayo imekwisha. Tangu hapo ikaanza elimu ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe ardhini.

Katika Marekani elimu hiyo ilishika moto wakati wa uhai wa Roosevelt. Mwaka ule ule aliozaliwa, Joseph Leidy wa Philadelphia alimpa jina Hadrosaurus, mmoja wa wale watambaazi wakubwa wa kale waitwao dinosaria. Kabla ya hapo Leidy alikuwa amekwisha kueleza mifupa ya faru iliyochimbuliwa katika nyika za magharibi ya nchi hiyo. Naam, Marekani nayo ilikuwa na faru wake zamani za kale. Lakini walikwisha kabla binadamu hajafika huko, wakabaki ndani ya mwamba tu.

Askari hawakukosa sehemu yao katika kazi hiyo. Mwaka 1867 daktari wa jeshi katika ngome ya Fort Wallace, huko Kansas, aliona mifupa mikubwa ikichomoza ardhini. Aliipeleka kwa mtaalamu Edward Cope, naye mwaka 1868 akampa mnyama huyo wa baharini jina la Elasmosaurus. Katika haraka yake Cope alidhani shingo ndefu ni mkia, akakiweka kichwa upande wa nyuma. Mshindani wake, Othniel Marsh, aliposafiri magharibi mwaka 1870, alisindikizwa na kikosi cha wapanda farasi wa jeshi. Marsh pia alikosea: mwaka 1887 alipewa pembe mbili kubwa akazihesabu kuwa za nyati wa kale, na miaka miwili baadaye ikabainika kwamba ni za dinosaria mwenye pembe tatu, aliyempa jina Triceratops. Wataalamu hawa wawili waligombana kama majirani wenye shamba moja. Hata hivyo ugomvi wao uliandika majina mengi mapya katika daftari la viumbe waliotoweka.

Roosevelt alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard tangu 1876 hadi 1880. Alikwenda akiwa na nia ya kuwa mtaalamu wa viumbe, akatoka akiwa mwanasiasa. Lakini jambo lililombadilisha halikuwa darasani. Mwaka 1883 alikwenda Dakota, nyika za magharibi, kumwinda nyati wa Marekani aitwaye baisani. Wanyama hao walikuwa mamilioni kwa mamilioni mwanzoni mwa karne. Roosevelt alitafuta siku nyingi kwenye mvua na matope kabla ya kumpata mmoja. Alikuta nyika imetapakaa mifupa. Mwaka 1889, William Hornaday alipofanya hesabu, alikuta baisani wapatao 1,100 tu katika bara zima.

Kati ya safari hizo msiba mkubwa ulimpata. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mke wake walifariki siku moja, katika nyumba moja. Alimwachia dada yake mtoto mchanga, akarudi Dakota kuchunga ng'ombe na kuituliza roho yake. Huko ndiko alikoshuhudia kwa macho yake jambo ambalo Cuvier alilisoma kwenye mifupa: kwamba aina ya mnyama yaweza kumalizika, na kwamba haihitaji miaka milioni. Miaka kumi na tano ya bunduki na biashara ya ngozi yatosha.

Hakukaa akilia. Mwaka 1887 yeye na rafiki zake waliunda chama cha wawindaji waliotaka wanyama walindwe kwa sheria. Baisani wa mwisho wa porini walikuwa wamekimbilia katika hifadhi ya Yellowstone, na hifadhi hiyo ililindwa na jeshi. Tangu 1886 hadi 1918 wapanda farasi wa jeshi la Marekani walishika doria humo, kiangazi na theluji. Ila walikuwa na upungufu mmoja: hapakuwa na sheria ya kumwadhibu mhalifu, isipokuwa kumnyang'anya vyombo vyake na kumfukuza. Mwezi wa Machi 1894 doria moja ilimkamata mwindaji haramu katika theluji akichuna baisani. Habari zikaenea nchini. Roosevelt na wenzake wakawashika wabunge kwa maneno, na mwezi wa Mei mwaka huo huo sheria ikapitishwa. Kundi lile la Yellowstone lilishuka hadi wanyama 23 mwaka 1902, lakini halikufa. Leo lina maelfu. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

Mwaka 1895 Roosevelt aliteuliwa rais wa bodi ya makamishna wa polisi wa New York. Alikuta jeshi la polisi limeoza kwa rushwa, vyeo vikiuzwa kama samaki. Alianza kutembea usiku wa manane bila kutangaza, akikagua malindo. Askari aliyemkuta amelala au yumo kilabuni aliitwa ofisini asubuhi. Aliyemkuta macho alimpa sifa mbele ya wenzake. Alianzisha mafunzo ya kulenga shabaha kwa bastola, akaanzisha kikosi cha polisi wa baiskeli, akaamuru watu waajiriwe kwa mtihani na afya, si kwa chama wala dini wala jamaa. Alikaa miaka miwili tu, akajipatia maadui wengi, lakini alama yake ilibaki.

Vita vya Marekani na Hispania vilipozuka mwaka 1898, alikuwa naibu waziri wa jeshi la majini. Aliacha kiti hicho, akaandikisha kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea: wachunga ng'ombe, wanafunzi na wenyeji wa asili wa Marekani. Tarehe 1 Julai 1898 aliwaongoza kupanda vilima vya San Juan karibu na Santiago, nchini Cuba, chini ya mvua ya risasi. Alitoka humo na cheo cha kanali, na hata baada ya kuwa Rais alipenda kuitwa Kanali.

Urais wenyewe ulimjia kwa msiba. Rais McKinley alipigwa risasi na kufariki tarehe 14 Septemba 1901, na Roosevelt, makamu wake, akashika nchi akiwa na umri wa miaka 42. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuzipatanisha Urusi na Japani. Katika utawala wake zilitangazwa hifadhi 5 za taifa, misitu ipatayo 150 na hifadhi 51 za ndege. Mwaka 1906 alitia sahihi sheria ya kulinda mambo ya kale, na mwaka huo huo aliitumia kuulinda msitu wa Arizona ambao miti yake imegeuka mawe. Hivyo visukuku navyo vikapata mlinzi. Rafiki yake Henry Osborn, bingwa wa visukuku wa New York, ndiye aliyempa jina Tyrannosaurus rex mwaka 1905.

Alipomaliza kazi ya urais mwezi wa Machi 1909, Roosevelt hakungoja hata mwezi mmoja. Alipanda meli pamoja na mwanawe Kermit, wakafika Mombasa tarehe 21 Aprili. Walitumwa na Taasisi ya Smithsonian kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya taifa mjini Washington. Pamoja nao walikuwapo wataalamu watatu: Edgar Mearns, daktari mstaafu wa jeshi mwenye cheo cha luteni kanali, na Edmund Heller na Alden Loring. Walikuwa na wapagazi na askari zaidi ya 200, na tani 4 za chumvi za kuhifadhia ngozi. Wapagazi walimwita Roosevelt Bwana Mkubwa, na Kermit wakamwita Bwana Maridadi.

Baada ya miezi kadhaa nchini Kenya walivuka Ziwa Victoria hadi Entebbe, wakapita Kampala na Hoima, wakafika Butiaba kwenye Ziwa Albert. Hapo walipanda mashua, wakashuka na Nile. Mwezi wa Januari 1910 walipiga kambi kwenye ukingo wa magharibi, mahali palipo mashariki ya Arua ya leo. Jina Rhino Camp, yaani Kambi ya Faru, limebaki hapo hadi sasa.

Ardhi hiyo wakati ule haikuwa ya Uganda. Iliitwa Lado, nayo ilikodishwa mwaka 1894 kwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, kwa muda wa uhai wake. Mfalme huyo alikuwa amefariki tarehe 17 Desemba 1909, wiki chache tu kabla ya kambi kupigwa. Kwa hiyo nchi ilikuwa mfano wa lindo ambalo zamu moja imekwisha na nyingine haijafika. Majangili wa pembe za ndovu walitamba humo. Mwaka huo wa 1910 Lado ilirejeshwa kwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda, ndiyo West Nile, na Arua ikawa boma lake.

Kilichomleta Kanali ni faru mweupe. Si mweupe kwa kweli. Rangi yake ni ya kijivu kama vumbi, na kinachomtofautisha na yule mweusi ni mdomo wake mpana uliotengenezwa kukatia majani ya chini. Wataalamu walimjua kwanza kusini mwa Afrika, ambako William Burchell alimpa jina mwaka 1817. Mwishoni mwa karne hiyo bunduki za wageni zilikuwa zimebakiza wachache sana huko. Kisha ikajulikana kwamba wapo wengine kaskazini, katika ardhi ya Lado, mbali sana na wenzao. Mwaka 1908 Richard Lydekker wa London aliwapa jina la cottoni, kwa heshima ya Meja Powell-Cotton, aliyewakusanya huku. Ndivyo mnyama aliyejulikana kwa wazee wetu tangu enzi na enzi alivyoandikwa kwa mara ya kwanza katika daftari la dunia.

Homa na kuhara damu viliwaangusha wengi wa msafara, lakini kazi haikusimama. Roosevelt aliua faru 5, Kermit 4, jumla 9. Kila mmoja alichunwa palepale porini. Ngozi ilikwanguliwa hadi ikawa nyembamba, ikatiwa chumvi, ikakaushwa. Mifupa ilisafishwa ikafungwa na kupewa namba. Mwaka 1913 Heller alichapisha maelezo marefu juu yao, akilinganisha fuvu kwa fuvu, kama Cuvier alivyofanya kwa tembo. Katika safari nzima Roosevelt na mwanawe waliua wanyama 512.

Hapa tunalazimika kuuliza swali ambalo msomaji mwenyewe amekwisha kuliuliza. Mtu aliyeona mwisho wa baisani, aliyetunga sheria za kuwalinda, ilikuwaje akaua faru tisa wa aina adimu? Jibu limo katika elimu ya karne iliyomlea. Kwa wataalamu wale, mnyama aliyeandikwa, kupimwa na kuwekwa makumbusho alikuwa amehifadhiwa. Hatuwezi kusema kwamba risasi za Kanali ndizo zilizommaliza faru wa West Nile. Tisa hawakuwa wote. Lakini hatuwezi pia kusema kwamba zilimwokoa.

Roosevelt aliishi miaka tisa tu baada ya hapo. Mwanawe mdogo Quentin, rubani wa kivita, aliangushwa nchini Ufaransa mwezi wa Julai 1918. Baba hakupona huzuni hiyo. Alifariki usingizini nyumbani kwake tarehe 6 Januari 1919, akiwa na umri wa miaka 60.

Na faru je? Serikali ya Uganda iliwatengea mahali pa kukaa: Ajai karibu na Nile, na Mlima Kei upande wa Yumbe, jirani ya Koboko. Katika miaka ya 1960 baadhi yao walikamatwa wakiwa hai, wakavushwa Nile hadi hifadhi ya Murchison, ili aina yao isitegemee mahali pamoja. Zilikuwa hatua za busara. Kisha ikaja miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, miaka ya vita na sheria iliyolegea. Bunduki zilizoletwa kwa ajili ya kulinda nchi zikazagaa mikononi mwa watu wenye njaa na watu wenye tamaa. Pembe ikawa na bei kubwa, na lindo likawa tupu. Sisi tuvaao sare hatuna haki ya kusema kwamba mikono yetu yote ilikuwa safi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uganda haikuwa na faru hata mmoja wa porini. Katika miaka ya 2000 wale wa Garamba, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, nao wakafuata.

Dume wa mwisho wa aina hii ya kaskazini, aliyeitwa Sudan, alifia nchini Kenya katika hifadhi ya Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018, akiwa amezungukwa na walinzi wenye silaha usiku na mchana. Nyuma yake wakabaki majike wawili tu, Najin na bintiye Fatu. Jamaa zao wa kusini, ambao zamani walidhaniwa ndio watakaokwisha kwanza, waliongezeka hadi maelfu kwa sababu waliwekewa ulinzi. Hao ndio walioletwa katika hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, tangu mwaka 2005, wakazaliana.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Faru wetu walikuwa na daftari. Walikuwa na jina tangu 1908, walikuwa na vipimo tangu 1913, wana namba zao Washington hadi leo. Na hata hivyo wamekwisha. Baisani wa Yellowstone walibaki 23, katika theluji, lakini palikuwa na askari juu ya farasi na sheria nyuma yake. Kazi zote mbili zimo katika maisha ya mtu mmoja, na kila moja imetoa matunda yake. Ya kwanza imetuachia mifupa. Ya pili imeacha wanyama walio hai.

Askari aliye zamu leo Ajai, au mpakani Koboko, au kwenye kizuizi cha barabara ambako gunia moja halifanani na mengine, asidhani kwamba lindo lake ni dogo. Tembo na twiga wa Uganda wangalipo. Wasije wajukuu wetu wakalazimika kwenda ng'ambo kuwatazama nyuma ya kioo.